Kupitiwa: Muda Usiokumbukwa na Swali la Dhima

Saa ya Doha na saa ya Mombasa ni moja. Mlinzi aliyeko Qatar akimpigia simu mama yake aliyeko Likoni, hana haja ya kujumlisha wala kutoa. Saa tatu ya usiku ya Doha ndiyo saa tatu ya usiku ya Likoni. Waliohamia London au Toronto hujifunza mapema hesabu ya kupishana kwa saa, na wakichelewa kupiga simu wana udhuru. Aliye Doha hana. Kinachotofautiana ni jua peke yake: katikati ya mwaka huchomoza Doha kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakati Mombasa ingali gizani. Hivyo Mswahili aliyezoea kuihesabu siku tangu macheo hukuta kwamba anapoingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, jua limekwisha kupanda. Na akifanya zamu ya saa kumi na mbili, huingia saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili. Jina la saa ni lile lile. Kilichopita katikati hakina jina.

Swali la makala haya limo katika hicho kilichopita katikati. Chukuliwe mfano wa mlinzi mmoja, si mtu fulani bali sura iliyokusanywa kutoka maisha ya wengi, anayelinda usiku katika ukumbi wa kuingilia wa jengo refu la West Bay. Anakumbuka vizuri gari jeupe lililosimama mlangoni saa nane na dakika arobaini na tano. Jambo linalofuata katika kumbukumbu yake ni saa ya ukutani inayoonyesha saa tisa na dakika kumi. Baina ya hayo mawili hakuna kitu: si ndoto, si uzito wa macho, si kiti alichokikalia. Hakuanguka. Katika daftari la matukio kuna mstari mmoja ulioandikwa saa nane na dakika hamsini na nane. Mwandiko ni wake, ila herufi zimeteleza chini ya mstari, naye hakumbuki kuishika kalamu. Asubuhi mpangaji analalamika kwamba kifurushi chake kilichoachwa mapokezini hakipo. Kamera inamwonyesha mlinzi amesimama wima, macho wazi, huku mtu akipita mbele yake na kuchukua kitu mezani. Msimamizi anauliza swali moja tu: “Ulikuwa wapi?” Na mlinzi, ambaye hana sababu ya kusema uwongo wala hana ukweli wa kuutoa, anajibu: “Sijui. Nilipitiwa.”

Jibu hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kiswahili hutofautisha kupoteza na kupotewa. Anayepoteza muda ni mtendaji, na lawama ni yake. Anayepotewa na kitu kimemtoka bila ya yeye kukiachilia. Kupitiwa kunakwenda mbali zaidi. Aliyepitiwa hakutenda wala hakupoteza. Amekuwa kama njia, na kitu kingine kimepita juu yake. Mtu hupitiwa na usingizi, hupitiwa na jambo alilokusudia kulisema, na hata, kwa kauli isikikayo kila pembe ya pwani, hupitiwa na shetani. Kauli hii ya mwisho imetumiwa mno na wezi, walevi na waume wakorofi hata ikachuja, na ndiyo maana msimamizi akisikia “nilipitiwa” husikia kisingizio. Lakini lugha haikuunda kauli ya kutendwa kwa ajili ya waongo. Iliiunda kwa sababu kuna mambo yanayomtokea mtu ndani ya nafsi yake ambayo yeye si mtendaji wake. Mjadala wa dhima unaanzia hapo: ni wakati gani kauli hiyo ni ya kweli, na ni nani awezaye kuujua ukweli wake?

Kuna neno la pili linalostahili kutazamwa, nalo ni kumbukumbu. Kwa Kiswahili, kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa moyoni, na ni kile pia kilichohifadhiwa katika faili, katika mihutasari ya vikao, katika nyaraka za taifa. Neno moja hubeba nafsi na ofisi. Mlinzi wa West Bay amekosa kumbukumbu ya kwanza ilhali ya pili imejaa tele: daftari, kamera, mashine aliyoigusa kwa kidole akiingia kazini. Dakika ishirini na tano za maisha yake zimo mikononi mwa wengine. Yeye mwenyewe hanazo. Huo ndio ukiwa wa mtu aliyepotewa na muda. Si kwamba muda haukuwepo, bali ulikuwepo kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilishughulikia suala hili katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye toleo la pili la kitabu chake juu ya ufahamu wa mwanadamu. Kwa Locke, utambulisho wa mtu hauko katika mwili wala katika roho bali katika ufahamu: mtu hufika pale ufahamu wake unapofika. Kitendo asichoweza kukirejea kwa kumbukumbu, kwa maana hii, si chake. Aliuona mwenyewe ugumu unaofuata, akatoa mfano wa mlevi anayeadhibiwa kwa jambo asilolikumbuka alfajiri. Mahakama za wanadamu, alisema, humwadhibu kwa haki, kwa kuwa kitendo kinathibitika dhidi yake ilhali kutokumbuka kwake hakuwezi kuthibitika kwa niaba yake. Siku ya hukumu kuu, siri za nyoyo zitakapofunuliwa, hakuna atakayejibu kwa jambo asilolijua.

Jibu hilo lina huruma, lakini linamwacha mlinzi mahali pabaya. Linampa haki yake akhera na kumnyima duniani. Na mshahara unakatwa duniani. Isitoshe, linaigeuza kumbukumbu kuwa mali ya faragha, kama sanduku ambalo mwenyewe tu ndiye mwenye ufunguo. Sanduku likikutwa tupu, mtu hana pa kwenda.

Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyemjibu Locke hoja kwa hoja katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1765, miaka mingi baada ya kufa kwao wote wawili, alilikataa sanduku hilo. Alieleza kwamba ikiwa ugonjwa umekata uzi wa ufahamu wake, asijue alifikaje alipo, ushahidi wa watu wengine unaweza kuliziba pengo hilo. Na hata kuadhibiwa angeweza kuadhibiwa kwa ushahidi huo, ikiwa alitenda uovu kwa kusudi kisha akausahau. Maneno mawili ya kuzingatiwa hapo ni ushahidi na kusudi. La kwanza linasema kwamba muda usiokumbukwa haukupotea kabisa maadamu kuna aliyeuona. La pili linasema kwamba kuuona hakutoshi. Ni lazima ijulikane pia iwapo aliyeonekana alikuwa akikusudia.

Sheria imejifunza tofauti hii kwa njia ngumu. Mwaka 1959, mjini London, Guenther Podola alishtakiwa kwa kumuua askari wa upelelezi, akadai kwamba hakumbuki lolote. Baraza la wazee wa mahakama halikumsadiki, na mahakama ya rufani ikaongeza kwamba hata kama usahaulifu wake ungekuwa wa kweli, usingemzuia kushtakiwa. Alinyongwa Novemba mwaka huo. Hukumu hiyo inatisha, lakini hoja iliyo ndani yake ni sahihi: kutokumbuka leo si dalili ya kutokusudia jana. Mtu aweza kutenda kwa akili timamu na kusahau baadaye; aweza pia kutenda bila ya utashi wowote na kukumbuka kila kitu. Kwa upande wa pili, sheria za adhabu za Kenya na Tanzania zote mbili zinakubali kwamba mtu hana hatia ya jinai kwa tendo lililotokea bila ya utashi wake. Basi kinachomsaidia mlinzi si pengo katika kumbukumbu yake. Kinachomsaidia, kama kipo, ni hali aliyokuwa nayo ndani ya pengo hilo. Na hiyo ndiyo asiyoweza kuishuhudia.

Fiqhi, ambayo mlinzi huyu huenda aliisoma chuoni akiwa mtoto kabla ya kusikia jina la mwanafalsafa yeyote, imelipanga jambo hili kwa utaratibu ulio karibu zaidi na maisha. Mapokeo mashuhuri ya Mtume yanafundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao akiwa aliyelala mpaka aamke. Wakati huo huo, wanazuoni hawakusema kwamba aliyelala haharibu. Aliyegeuka usingizini na kumlalia mtoto hana dhambi ya kuua, lakini fidia ipo, kama ilivyo katika makosa yasiyokusudiwa. Yaani kuna dhambi, na kuna dhamana, na hivi viwili havifuatani daima. Mtu aweza kuwa safi mbele ya Mola wake na bado kuwa na jambo la kurekebisha mbele ya jirani yake.

Tofauti hii ni ya thamani kwa sababu inaondoa haraka ya msimamizi. Msimamizi anataka jibu moja: ana kosa au hana? Fiqhi inamwambia kwamba maswali ni mawili. Kifurushi kimepotea, na mwenyewe ana haki ya kulipwa. Lakini nani alipe, na nani alaumiwe, haijulikani bado, kwa sababu haijulikani ni nini kilichompita mlinzi, na kilitoka wapi.

Kilitoka wapi? Hapo ndipo mjadala unapolazimika kurudi nyuma ya saa nane na dakika arobaini na tano. Dereva aliyesinzia akagonga hahukumiwi kwa alichokifanya akiwa usingizini, kwani usingizini hakufanya lolote. Huhukumiwa kwa dakika zilizotangulia, alipohisi macho yanamwelemea na akaendelea kuendesha badala ya kusimama kando ya njia. Dhima inarudi nyuma mpaka mahali pa mwisho palipokuwa na hiari. Kanuni hii ni ya haki, lakini ina makali kotekote. Kama dhima hurudi mpaka penye hiari, basi ni lazima kuuliza hiari hiyo ilikuwa ya nani.

Mwezi Aprili 2022, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya walinzi wa kampuni binafsi nchini Qatar, iliyotokana na mahojiano na watu 34 waliofanya kazi katika kampuni nane. Wengi wao walieleza zamu za saa 12 kwa siku, siku saba kwa wiki, wengine kwa miezi na hata miaka bila ya siku ya mapumziko. Saa 12 mara siku saba ni saa 84. Sheria ya Kazi ya Qatar, Namba 14 ya mwaka 2004, inataja saa 48 kwa wiki kuwa kawaida, na kikomo ambacho ripoti hiyo ilikitumia kuzipimia ratiba hizo, pamoja na muda wa ziada, ni saa 60. Hesabu iliyobaki anaweza kuifanya mtoto wa shule: 84 toa 60 ni 24. Siku moja kamili, usiku na mchana, imetoweka katika kila wiki ya mtu huyo.

Ajabu ya hesabu hii ni kwamba hakuna aliyemuuliza mtu yeyote, “Ulikuwa wapi?” juu ya saa hizo 24. Haziko katika daftari la matukio. Hakuna kamera inayozionyesha zikichukuliwa mezani. Dakika 25 alizopotewa nazo mlinzi zina shahidi, zina saa ya ukutani, zina hati ya makato. Siku nzima ya kila wiki haina hata jina. Ikiwa kweli mwili ulilala ukiwa umesimama, basi haukuiba muda wa mwajiri. Ulijirudishia sehemu ndogo ya ulichonyang'anywa. Mwili ni mdai asiyeandikiana hati na mtu. Hudai wakati wake, popote ulipo.

Mfano wa Locke unarejea hapa kwa sura mpya. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 mfululizo huyumba katika kazi za kupima umakini kwa kiasi kinachokaribia cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 hukaribia asilimia 0.10, kiwango kinachopita kikomo cha udereva katika nchi nyingi. Huo ni ulevi bila ya pombe. Mlevi wa Locke alikwenda mwenyewe kilabuni akanunua kikombe chake. Ndiyo maana lawama inaweza kumfuata mpaka kilabuni. Mlinzi amenyweshwa kwa ratiba. Tena katika mji ambao kulewa hadharani ni kosa la jinai, ulevi huu huandikwa kwenye jedwali la zamu na kubandikwa ukutani, na anayeukataa ndiye anayeonekana mkorofi.

Lau mjadala ungeishia hapa ungekuwa mwepesi: lawama yote imemwendea mwenye ratiba, na mlinzi ametoka akiwa msafi. Lakini usingizi si sababu pekee ya muda kupotea, na mstari ule ulioteleza katika daftari unadai uangalifu. Kuna kifafa kisichomwangusha mtu wala kumtoa povu. Kinamwacha amesimama, macho wazi, mikono ikiendelea na kazi iliyoizoea, ilhali mwenyewe hayupo. Kuna sukari inayoshuka ghafla kwa mwenye kisukari. Kuna joto: mwili ukipita nyuzi 40 ndani yake, akili huanza kuvurugika kabla ya mtu kuanguka, na ndiyo maana tangu mwaka 2021 Qatar imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Kuna pia akili iliyoelemewa na huzuni au hofu mpaka ikafunga mlango. Aliyepitiwa hawezi kuzitofautisha sababu hizi kwa kujichunguza, kwa maana chombo cha kuchunguzia ndicho kilichozimika.

Hapo ndipo dhima ya mlinzi mwenyewe inapozaliwa, nayo ni dhima halisi. Mara ya kwanza hana la kujibu, hakujua. Lakini baada ya kuambiwa, anajua. Anajua kwamba kuna saa ambazo mwili wake upo na yeye hayupo. Tangu siku hiyo, kila kazi anayoikubali anaikubali akiwa na ujuzi huo. Akibaki mlangoni kulinda vifurushi, hatari ni ya vifurushi. Akihamishiwa kwenye basi la wanafunzi kuwa dereva, kwa mshahara bora kidogo na siku ya Ijumaa kupumzika, na akanyamaza, basi siku basi hilo litakapopinduka hataweza tena kusema kwamba alipitiwa. Atakuwa amepitiwa kweli, lakini hiari ya mwisho haitakuwa ya ratiba wala ya ugonjwa. Itakuwa ile ya siku aliyotia saini akiwa kimya.

Ni rahisi kulisema hili ukiwa mbali. Mfanyakazi mhamiaji hupimwa afya kabla ya kuondoka kwao na hupimwa tena akishafika. Anajua kwamba mwili wake ni sharti la mkataba wake. Ijapokuwa mageuzi ya mwaka 2020 yalimwondolea haja ya kibali cha mwajiri ili abadilishe kazi, ukaazi wake bado umefungamana na kuwa na kazi. Nyuma yake kuna deni la wakala, karo ya wadogo zake, na chumba cha pili cha nyumba ya mama kilichofika kwenye linta. Kumwambia daktari “kuna dakika sizijui” kunaweza kuwa sawa na kununua tikiti ya kurudi. Kwa hiyo anayenyamaza si mwovu. Ni mtu aliyewekwa njia panda na hofu zake. Hata hivyo, wanafunzi waliomo ndani ya basi hawakumweka njia panda. Maadili hayapungui kwa sababu gharama yake imepanda. Kinachoongezeka ni dhambi ya waliyoipandisha gharama hiyo. Mfumo unaomfukuza mgonjwa anayesema ukweli unazalisha madereva wanaonyamaza, na una sehemu yake katika kila ajali yao.

Lakini mlinzi alijuaje? Hili ndilo swali ambalo Locke hakulifikia na Leibniz alilipita haraka. Pengo la kumbukumbu halionekani na mwenye nalo. Mtu haoni kisogo chake. Huambiwa na aliye nyuma yake. Anayepitiwa mara tatu kwa wiki anaweza kuishi miaka akidhani saa yake ya mkononi ni mbovu. Anayejua ni yule wanayelala chumba kimoja kambini, wa kitanda cha juu cha dabo deka, aliyemwona amesimama mbele ya jiko akiwa na sufuria mkononi, akamwita mara tatu, asijibiwe, kisha akamwona akiendelea kupika kana kwamba hakuna kilichotokea. Muda wa rafiki yake uko kwake. Hakuuomba, hakuununua, lakini umewekwa mikononi mwake, na kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu kwa ajili ya mwenziwe Kiswahili hukiita amana.

Amana ina masharti. Hailiwi, haifichwi, na hairudishwi kwa mtu asiye mwenyewe. Anayekwenda moja kwa moja kwa msimamizi na kusema “fulani ana kifafa” amemrudishia amana mtu mwingine. Anayecheka na wenzake jikoni ameila. Anayenyamaza kwa kuogopa kuingilia mambo ya watu ameificha. Mwenye haki ya kwanza ya kuzijua dakika hizo ni yule zilizompotea, naye huambiwa faraghani, kwa maneno yasiyomfanya kituko: “Ndugu yangu, jana jioni nilikuita, hukuniitikia. Macho yalikuwa wazi. Hii si mara ya kwanza.” Sentensi tatu kama hizo zinaweza kuwa mwanzo wa matibabu, au mwanzo wa hasira. Vyovyote iwavyo, baada ya kusemwa, rafiki amekuwa sehemu ya kumbukumbu ya rafiki. Na ikiwa mwenye ugonjwa atakataa na kulishika basi la wanafunzi, amana hiyo itageuka sura, kwa kuwa sasa imo roho ya watu wengine. Hapo kunyamaza hakutakuwa tena uaminifu.

John Mbiti, mwanazuoni Mkenya, alipoandika mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za nadharia yake ya wakati. Aliyekufa, alisema, hatoki katika sasa mara tu anapozikwa. Hubaki humo maadamu kuna mtu aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Sehemu nyingine za nadharia hiyo zimepingwa, hasa dai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Kwame Gyekye wa Ghana ni mmoja wa waliolikosoa. Mhamiaji wa Doha naye ni ushahidi unaotembea wa kulipinga, kwa kuwa anaishi karibu yote katika wakati ujao, katika nyumba ambayo haijaezekwa. Lakini kiini cha wazo la Mbiti juu ya kumbukumbu kinasimama: kuwepo kwa mtu katika wakati hakutegemei kichwa chake peke yake. Kama wanaobaki wanaweza kumshika katika sasa yule asiye na fahamu tena kabisa, hawashindwi kumshikia mwenzao dakika ishirini na tano.

Tahadhari moja inahitajika. Anayeshika kumbukumbu ya mwingine ana uwezo juu yake, na uwezo huo hukosea. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha kwamba hata neno moja katika swali, kuuliza kama magari “yaligongana” au “yalipondana”, hubadili makadirio ya mashahidi juu ya mwendo wa magari waliyoyaona kwenye filamu ile ile. Kamera nayo huona mwili, haioni aliyemo. Na kumbukumbu za maandishi huandikwa na mwenye kalamu. Malcolm Bidali, mlinzi kutoka Kenya, aliishika kalamu hiyo mwenyewe mjini Doha, akiandika kwa jina la Noah juu ya vyumba, zamu na usingizi wa watu kama yeye. Mei 2021 alikamatwa. Alizuiliwa karibu mwezi mzima akiwa peke yake, akatozwa faini ya riali 25,000 kwa kosa la kueneza habari za uongo, akaondoka nchini Agosti. Kisa chake kinaonyesha kwamba ugomvi juu ya kumbukumbu si wa wanafalsafa tu. Ikiwa daftari la matukio ni la kampuni, kamera ni ya kampuni na maneno ya mlinzi ni kosa, basi atakayekosa kumbukumbu hatakuwa aliyepitiwa peke yake. Ndiyo maana ushahidi wa wa kitanda cha juu, usio na mhuri, ni wa thamani: ni kumbukumbu pekee inayomhusu mlinzi ambayo haikuandikwa ili kumkata mshahara.

Kisa kikongwe cha watu waliopotewa na muda, kinachosomwa kila Ijumaa katika misikiti na nyumba nyingi za Doha kama ilivyo Lamu na Unguja, ni kile cha vijana wa pangoni katika Surat al-Kahf. Walilala miaka mia tatu na tisa. Walipoamka waliulizana wamekaa muda gani, na wakakisia: siku moja, au sehemu ya siku. Hawakuwa na njia ya kujua. Kinachopitwa na wengi ni wanachofanya baada ya hapo. Hawalazimishi jibu wala hawalaumiani. Wanakabidhi hesabu ya muda kwa Mola wao, aujuaye zaidi, kisha wanageukia linalowezekana: wanamtuma mmoja wao sokoni na sarafu zao akatafute chakula kilicho safi, na wanamwusia aende kwa upole. Katika baadhi ya misahafu neno hilo la upole huchapwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ndilo lililo katikati ya Kitabu.

Mlinzi wa West Bay hatazipata tena dakika zake. Mwenye kifurushi alipwe, na alipwe na aliyeipanga zamu. Mlinzi aende kwa daktari, na asishike basi kabla ya kwenda. Na yule wa kitanda cha juu, usiku huu zamu itakapokwisha saa kumi na mbili, ashuke, akae kando ya mwenzake, amweleze alichokiona, kwa upole.